Ngwe ya Shilinde

Shuleni kwetu kengele ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Ikigongwa mara ya kwanza tunafagia uwanja. Ikigongwa mara ya pili tunasimama mstari, tunakaguliwa kucha na nywele, tunaimba, halafu tunaingia darasani. Saa nane mchana tunachukua majembe na kwenda shambani. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yetu, Jumatatu mpaka Ijumaa, na mtu akikuambia kwamba watoto wa enzi zile hawakuwa wakichoka, mwambie mimi Mwanajuma nimekataa.

Ulikuwa mwaka uliofuata ile Operesheni ya vijiji. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali porini waliletwa kijijini kwetu, si mbali na Kigwa, mkoani Tabora, wakapimiwa viwanja vilivyopangwa safu kwa safu. Wengine walikuja kwa miguu, wengine kwa malori, na wengi waliacha mihogo yao ardhini. Mvua zilikuwa zimekuwa haba, kwa hiyo njaa iliwakuta hata kuezeka hawajamaliza. Tulikula unga wa njano wa msaada. Ulipokwisha tulikula michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, na michembe ilipokwisha tulikunywa maji tukalala. Sipendi kuusimulia mwaka ule, lakini mambo haya yalitokea mwaka ule na si mwingine.

Shule ilikuwa na shamba la karanga kwenye mteremko nyuma ya madarasa. Mwalimu Lukumani, mtu wa Tabora mjini, ndiye aliyesimamia kazi za kujitegemea, naye alitugawa katika makundi, kila kundi na kipande chake. Mbegu alikopeshwa na kijiji kwa maneno mengi na viapo, maana zilikuwa za mwisho. Karanga zikipatikana zingetiwa kwenye uji wetu wa saa nne. Kwa wengi wetu uji ule ndio uliokuwa chakula cha mchana, na kwa wengine ndio uliokuwa chakula cha siku nzima.

Kiongozi wa kundi letu alikuwa Kashindye, wa darasa la saba. Kashindye hakuwa mtoto mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu mtamchukia kidogo. Alikuwa hodari wa masomo, haibi, hasemi uongo, na alitaka kundi lake liwe la kwanza. Kutaka kuwa wa kwanza si dhambi.

Mwanzoni tulilima kwa ujima, jinsi wazazi wetu wanavyolima. Tunasimama safu moja, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na majembe yanakwenda na wimbo. Tuta linaanzia mpaka wa huku na kuishia mpaka wa kule bila kukatika, likiukinga mteremko. Ukichoka, jirani yako anakusogezea udongo kidogo upande wako, nawe wimbo unakuvuta. Kashindye aliona tunachelewa. Mjomba wake alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga, alikokuwa nyapara, na kila jioni alikuwa akimsimulia jinsi watu wanavyosimamiwa.

Siku moja Kashindye akaja shambani na kamba ndefu.

"Kuanzia leo kila mtu na ngwe yake," alisema. "Ukimaliza unakwenda zako. Asiyemaliza atabaki mpaka amalize."

"Na tuta je?" aliuliza Jilala, mwenye nguvu kuliko sisi sote. "Litaishia wapi?"

"Litaishia kwenye mpaka wako. Kwani unataka lifike Kigoma?"

Tulicheka, hata Jilala mwenyewe. Kashindye akampimia kila mtu kipande chake kwa kamba, akapigilia vijiti, na kila baada ya ngwe moja akaacha kijia kisicholimwa, kilichoshuka toka juu mpaka bondeni, ili apate kupita akikagua. Siku ile hakushika jembe. Alishika fimbo, akawa anapanda na kushuka katika vijia vyake, akiuliza, "Umemaliza? Wewe je, umemaliza?"

Sina budi kusema ukweli kwamba mwanzoni tulifurahi. Jilala alimaliza ngwe yake jua likiwa bado kali, akaenda zake kutega ndege. Wenye nguvu wengine nao wakaondoka mmoja mmoja. Sisi wengine tulibaki tukilima kimya, maana wimbo wa ujima ukiuimba peke yako unaonekana mwehu. Baada ya wiki moja hakuna aliyekuwa akiimba tena. Kwa siri tukaanza kumwita Kashindye "Nyapara".

Aliyeumia zaidi alikuwa Shilinde. Yeye na mama yake waliletwa na Operesheni. Alikuwa kijana mkimya, na kwa hesabu darasa la saba zima halikuwa na wa kumshinda. Mwalimu alikuwa akisema huyu mwaka huu atachaguliwa kwenda sekondari, mkitaka msitake. Lakini asubuhi alichelewa mara kwa mara, na mchana shambani jembe lake lilikwenda polepole. Ngwe aliyopewa ilikuwa ya juu kabisa, na katikati yake palikuwa na kichuguu kilichovunjwa zamani, udongo mgumu kama tofali. Kamba ilipima urefu na upana, udongo haikuupima.

"Mvivu wewe," Kashindye alimwambia mbele yetu sote.

"Nitamaliza kesho," alijibu Shilinde.

Kesho yake hakumaliza. Siku nyingine hakuja kabisa. Kashindye alimshitaki kwa mwalimu kuwa ni mtoro, naye akaonywa. Mimi niliona midomo ya Shilinde ilivyokauka, nikafikiri moyoni kwamba huyu mtu hajala, lakini nilikuwa na ngwe yangu, na kila mtu alikuwa na yake.

Tukapanda karanga. Mwalimu Lukumani alisimama mstarini akasema kundi la Kashindye limetangulia makundi yote, tupigiwe makofi. Tukapigiwa. Kashindye alitazama chini kwa haya, lakini masikio yake yalionyesha alivyofurahi.

Halafu mvua ikaja. Ilinyesha usiku kucha, mvua ambayo wazee walikuwa wakiiomba tangu Novemba. Asubuhi tukaenda kulitazama shamba, na sitasahau nilichokiona. Vile vijia vimekuwa makorongo. Maji yalikuwa yameshuka kwa nguvu toka juu, yakayamega matuta kila yalipokatikia, yakachukua udongo pamoja na mbegu, na yakavimwaga vyote kwenye mbuga huko chini. Karanga nyeupe zilikuwa zimetapakaa kwenye matope, na ndege walikuwa wameshazifikia. Makundi mengine yalipoteza tuta moja mawili tu. Letu lilikuwa limekwisha.

Mwalimu Lukumani alivua viatu, akaingia katika matope, akaokota mbegu chache.

"Nitawaambia nini wanakijiji?" aliuliza. "Mbegu hakuna tena. Nani aliharibu hapa?"

Kashindye alinyoosha kidole kuelekea juu ya mteremko. "Ni Shilinde, mwalimu," alisema. "Ngwe yake iko juu na hakuimaliza. Maji yaliingilia kwake."

Jilala alitazama vijia, akanitazama mimi, akanyamaza. Nami nilinyamaza. Shilinde mwenyewe hakuwepo. Siku ile pia hakuja.

"Ameshaonywa huyu," mwalimu alisema kwa hasira. "Kashindye, nenda na Mwanajuma mkamwite mzazi wake aje leo hii. Asipokuja, nitampeleka Shilinde kwa mwalimu mkuu afutwe shule."

Afutwe shule. Darasa la saba, mwaka wa mtihani. Njia nzima nilikuwa nikisikia maneno yale.

Kiwanja cha kina Shilinde kilikuwa cha mwisho kabisa, karibu na msitu. Nyumba haikuwa na mlango, na nyasi za paa zilikuwa zimefika nusu tu. Mvua iliingia yote. Tulimkuta Shilinde nje akikamua blanketi, macho mekundu. Ndani, kwenye pembe iliyokuwa na nafuu, mama yake alikuwa amelala juu ya mkeka, miguu imevimba, akikohoa kikohozi cha kumkunja mtu mzima.

"Shikamoo, mayu," Kashindye alisema, jinsi tunavyowaita mama zetu kwa Kinyamwezi.

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Viti hatuna." Akapumzika kidogo, maana hata kusalimu kulimchosha. "Wewe bila shaka ndiye Kashindye. Shilinde amenitajia. Anasema kiongozi wao ana akili nyingi."

Kashindye alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa vizuri, sasa hayatoki. Ikabidi mimi nieleze: shamba limebebwa na maji, mwalimu anamtaka mzazi, na asipokwenda Shilinde atafutwa.

"Hawezi kutembea," alisema Shilinde toka mlangoni. "Tangu mwezi wa kumi na mbili hajafika hata kisimani. Baba alikwenda Kaliua kutafuta kibarua cha tumbaku, hatujasikia habari yake. Mimi ndiye ninayechota maji, ndiye ninayetafuta kuni, ndiye ninayepika kikiwepo cha kupika. Ndipo nije shule."

"Mbona hukusema?" Kashindye aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ningesema wapi? Ulikuwa ukiniuliza nimemaliza au sijamaliza. Hukuniuliza kitu kingine."

Mama yake alimwashiria anyamaze. Kisha akamtaka Kashindye amweleze jinsi tulivyolima, toka mwanzo. Kashindye akaeleza habari za kamba, vijiti na vijia.

"Hivyo vijia vilielekea wapi?" mama aliuliza.

"Chini, mayu. Bondeni."

"Na maji huelekea wapi?"

Nilimwona Kashindye anavyoelewa, na kuelewa kwake kulikuwa kuchungu. Aliinamisha kichwa.

"Mwanangu, maji hayakuhitaji ngwe ya Shilinde," mama alisema. "Ulishayatengenezea njia. Matuta yangeungana yangeyazuia. Kule tulikotolewa, mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza ujima wa wanawake. Hapa hakuna anayejua hilo, hapa mimi ni mgonjwa wa kiwanja cha mwisho tu. Jioni, kabla ya siku ya kulima, nilikuwa nikipita nyumba kwa nyumba. Sikwenda kukagua. Nilikwenda kujua nani mtoto wake anaumwa, nani hajala, nani amegombana na mumewe. Kukikucha najua nimpange nani kando ya nani. Mwenye nguvu namweka karibu na mnyonge, wanakwenda pamoja. Penye mizizi na vichuguu nalima mwenyewe. Ukimpa mwenzio pabaya nawe ukasimama na fimbo, atalima, lakini moyo wake hautakuwa na wewe tena."

Akakohoa tena, kwa muda mrefu. Shilinde akamnywesha maji.

"Ulishawahi kufika hapa kwetu?" mama alimuuliza Kashindye.

"Hapana, mayu. Leo ndiyo mara ya kwanza."

"Na leo umekuja kumfukuza."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ingekuwa nafuu.

Tulirudi. Tulipokaribia shule Kashindye alisimama, akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Mwanajuma, nitamwambia nini mwalimu?"

"Mwambie ulichokiona," nilimjibu. "Una kingine?"

Alimwambia. Alisimama mbele ya mwalimu, kundi zima likisikia, akasema si Shilinde aliyeleta hasara, ni vijia vyake yeye. Akasema habari za mgonjwa, za paa, za kuni na maji. Akasema alimsingizia mwenzake kwa sababu aliogopa. Mwisho akasema, "Naomba uniondoe katika uongozi, mwalimu. Mweke mwingine."

Mwalimu Lukumani alikwenda kuvitazama vijia, kimoja baada ya kingine. Aliporudi hasira ilikuwa imemtoka, umebaki uchovu.

"Na mimi nilikusifu mbele ya shule nzima," alisema. "Niliona mmetangulia, sikuangalia mmetangulia vipi. Shilinde hatafutwa, nitazungumza na mwalimu mkuu mwenyewe. Ila wewe sikuondoi. Ukiharibu, nikuondoe, aje mwingine atengeneze, wewe ukapumzike? Haiwezekani. Utabaki, na utatengeneza."

Jioni ile ile Kashindye alianza kupita nyumba kwa nyumba. Kwetu alitukuta tumekaa gizani, hakuna moto. Niliona aibu, nikamtolea ukali.

"Umekuja kuhesabu sufuria zetu?"

"Nimekuja kukuuliza kama kesho utaweza," alisema.

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia nitaweza, ila si kwa muda mrefu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kwa Jilala. Kesho yake akanipanga kando ya Jilala, naye Shilinde akampanga katikati ya safu, mahali penye udongo laini. Kwenye kichuguu akaenda yeye. Tulifukia vijia vyote na kuyaunganisha matuta toka mpaka hadi mpaka. Mbegu za karanga hatukupata, tuliomba marando ya viazi majumbani, tukapanda hayo. Kwa hiyo mwaka ule kundi letu halikuleta hata karanga moja, na uji wa shule ulikuwa mwembamba mpaka mwisho. Ndege hawarudishi mbegu.

Tukapeana zamu za kwenda kwa kina Shilinde. Wawili wanachota maji, wawili wanaleta kuni. Jilala na Kashindye walikata nyasi wakamaliza paa. Mwalimu Lukumani alizungumza na uongozi wa kijiji, mgonjwa akabebwa mpaka Kigwa na kupandishwa treni kwenda hospitali Tabora. Shilinde akawa anafika shule mapema, na kwenye hesabu akawa anatuaibisha kama zamani.

Ningependa kuwaambia kwamba mama yake alipona. Hakupona. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali mno. Alikufa mwezi wa nne, na wengi waliohudhuria mazishi hawakulijua hata jina lake. Aliitwa Veneranda. Baba yake Shilinde hakuonekana. Shangazi yake alikuja toka mbali akakaa naye, lakini Shilinde alituambia haendi tena shule, haoni faida yake. Kashindye hakubishana naye. Alikwenda kila jioni, akakaa naye mlangoni, akarudi. Sisi tulikwenda siku za zamu zetu kama kawaida, ingawa hapakuwa tena na mgonjwa.

Mchana mmoja tulikuwa tunapalilia viazi, tukamwona Shilinde anakuja na jembe begani. Hatukupiga kelele. Safu ilifunguka katikati, akaingia mahali pake. Alilima kidogo, kisha akasimama akilia, kichwa ameinamisha. Kashindye alishusha jembe lake, na safu nzima ikasimama. Tulisubiri. Alipoanza tena, Jilala alimchukulia nusu ya tuta kwa upande wake, mimi nikajaribu nusu ya pili, na tukaenda kwa mwendo wake mpaka mwisho wa shamba. Siku ile tulipalilia kidogo sana.

Mwalimu Lukumani alikuwa ametuona. Alituita tukaketi kwenye nyasi.

"Leo hamkumaliza kazi, na sitawagombeza," alisema. "Sikilizeni vizuri, maana wengi wenu mtakuja kuongoza watu, kama si kijijini basi nyumbani mwenu. Kusimamia kazi ni rahisi, hata kamba na fimbo vinaweza. Kuongoza ni kuwajua watu unaofanya nao kazi. Fika kwao kabla mambo hayajaharibika. Uliza, halafu nyamaza usikie jibu. Kazi ngumu ianze kwako, na lawama ikija isimame kwako kwanza. Kashindye, hili nakuambia wewe, na ninajiambia mwenyewe pia. Tungefika kwa Shilinde mwezi wa kwanza tulipoanza kumwita mvivu, mama yake angefika hospitali mapema. Sisemi angepona. Hilo analijua Mungu. Lakini tungekuwa tumejaribu wakati kujaribu kulikuwa na maana."

Kashindye alisema, "Ndiyo, mwalimu."

Shilinde alikuwa ameketi akichomachoma udongo kwa kijiti. Akamgeukia Kashindye.

"Kesho tunaanzia upande gani?" aliuliza.